Mrima, chumvi na Ngomeni: Elementi hizi zote zilipikwa nyotani, mbona hesabu tunawaachia wengine?

Mwaka 2025 kulikuwa na habari mbili kubwa za madini. Moja uliisikia. Nyingine nina hakika ilikupita.

Uliyoisikia ni ya Mrima. Kilima kile cha Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania, kilirudi kwenye vichwa vya habari kwa sababu ya madini adimu, yale ya kutengenezea sumaku za magari ya umeme, simu na hata makombora. Wageni wakaanza kupiga foleni, Wamarekani na Waaustralia miongoni mwao. Mtandaoni nako wasee wakaanza kugawana mabilioni kabla jembe halijagusa udongo.

Iliyokupita ilitoka Machi mwaka huo huo. Makundi mawili ya wanaastronomia, moja likiongozwa kutoka Leiden, Uholanzi, na lingine kutoka Pisa, Italia, yalitumia darubini ya ALMA kule jangwani Chile, yakakuta oksijeni ndani ya galaksi inayoitwa JADES-GS-z14-0. Mwanga wa galaksi hiyo umesafiri miaka bilioni 13.4 kutufikia. Maana yake tunaiona ilivyokuwa wakati ulimwengu haujafikisha hata miaka milioni 300. Kwa ulimwengu wenye umri wa miaka bilioni 13.8, huyo ni mtoto wa nasari. Lakini mtoto huyo tayari alikuwa na elementi nzito karibu mara 10 kuliko walivyotarajia.

Utasema, kwani oksijeni ni madini? Kwa wanaastronomia ndiyo, karibu. Kila kitu kisicho haidrojeni wala heliamu wao hukiita metali. Kaboni metali, oksijeni metali, hata neoni ya taa za klabu ni metali. Mwalimu wako wa kemia angekupa sifuri ya mviringo, lakini wana sababu yao, na sababu hiyo ndiyo inayounganisha habari hizi mbili.

Sasa skiza. Ulimwengu ulipoanza, kwa dakika kama 20 hivi kulikuwa na joto la kutosha kupika elementi, kisha moto ukapoa. Kilichotoka kwenye sufuria ni haidrojeni robo tatu kwa uzito, heliamu karibu robo, na lithiamu kiduchu. Basi. Hakuna kaboni, hakuna chuma, hakuna mchanga, hakuna maji. Ungepewa ulimwengu huo ufungue kiosk, hungekuwa hata na kiberiti cha kuuza.

Karibu kila kitu kingine kimepikwa baadaye, ndani ya nyota, au nyota zinapokufa.

Angalia pakiti ya chumvi jikoni kwenu. Sodiamu iliyomo ilipikwa ndani ya nyota kubwa zilipokuwa zinachoma kaboni. Klorini nyingi ilitoka kwenye milipuko ya nyota za aina hiyo hiyo. Kisha kuna ayodini, ile ambayo sheria ya Kenya inalazimisha iongezwe ili watu wasivimbe shingo na watoto wasizaliwe na akili iliyodumaa. Hiyo ndiyo ina hadithi kali. Nyingi yake hutengenezwa mahali ambapo nyutroni zimemwagika kwa wingi hadi zinajishindilia kwenye viini vya atomi moja baada ya nyingine ndani ya sekunde moja hivi. Na mahali pa aina hiyo palipoonekana kwa darubini bila shaka kubwa ni pale nyota mbili za nyutroni zinapogongana.

Ndiyo, hiyo chumvi ya kuweka kwa mayai.

Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo usinitafutie digrii ukutani. Haya nimeyasoma kwa simu, bando la usiku, na swali la kwanza nililokuwa nalo ni hilo unalojiuliza sasa: walijuaje, na hakuna aliyewahi kwenda huko?

Jibu liko kwenye mwanga. Kila elementi ikiwashwa huacha alama yake, mistari ambayo haifanani na ya mwingine, kama alama za vidole pale Huduma Centre. Mwaka 1952 Paul Merrill, akitazama nyota nyekundu zilizozeeka, alikuta alama za teknetiamu. Hapo ndipo mambo yalipochemka. Teknetiamu haina aina hata moja isiyooza; ile inayodumu zaidi nusu yake huisha kwa takriban miaka milioni 4. Nyota zenyewe zina umri wa mamilioni mengi zaidi ya hapo, nyingine mabilioni. Kwa hivyo haiwezekani zilizaliwa nayo. Ilikuwa inapikwa humo humo, na jikoni bado kulikuwa na moto.

Miaka mitano baadaye, 1957, Margaret Burbidge, mumewe Geoffrey, William Fowler na Fred Hoyle walichapisha waraka mrefu ulioeleza ni jiko gani hupika nini. Alastair Cameron akafikia mambo yale yale peke yake mwaka huo huo. Fowler alipata Nobel 1983, Hoyle akatoka mkono mtupu, lakini huo ni udaku wa siku nyingine.

Nyota kubwa, tuseme yenye uzito wa Jua mara 8 kwenda juu, huishi maisha ya haraka. Huchoma haidrojeni kuwa heliamu, heliamu kuwa kaboni na oksijeni, kisha neoni, kisha silikoni, na kila hatua ni fupi kuliko iliyotangulia. Hatua ya silikoni kuwa jamii ya chuma inaweza kuisha kwa siku moja tu. Chuma ndipo biashara inapofia. Ukiunganisha viini vya chuma hupati nishati, unaitumia. Kitovu cha nyota kinakosa nguvu ya kujishikilia, kinaporomoka chini ya sekunde moja, na nyota nzima inalipuka. Vyote vilivyopikwa vinamwagwa angani, na oksijeni ndiyo nyingi kabisa.

Nyota za aina hiyo hufa mapema, zile kubwa zaidi zikiwa na miaka milioni chache tu. Ndiyo maana oksijeni huwahi kufika kwenye galaksi changa. Wale wa ALMA hawakushangaa kuiona. Walishangaa wingi wake.

Chuma chenyewe, kile kilicho kwenye damu yako na kwenye bati la nyumba, kwa sehemu kubwa kina njia nyingine. Nyota za wastani zikifa huacha kibonge kidogo kizito kinachoitwa kibete cheupe. Kibete hicho kikiwa na mwenzake wa kumwibia gesi, au wakigongana, kinaweza kulipuka chote. Mlipuko mmoja hutoa nikeli yenye uzito kama asilimia 60 ya Jua letu. Nikeli hiyo haidumu: nusu yake hugeuka kobalti kwa siku 6, kisha nusu ya kobalti hugeuka chuma kwa siku 77. Mwanga wa mlipuko unaoonekana kwa wiki nyingi ni moto wa kuoza huko. Kasheshe ni kwamba vibete huchukua muda mrefu kulipuka, mingine mamia ya mamilioni ya miaka, mingine mabilioni. Kwa hivyo ukiona nyota yenye oksijeni nyingi na chuma kidogo, ujue ilizaliwa mapema, kabla vibete havijaanza kulipa. Wanaastronomia husoma uwiano huo kama tunavyosoma mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho.

Mwilini mwako kuna gramu 3 au 4 za hicho chuma. Daktari akisema damu imepungua, ni hicho anazungumzia.

Turudi Kwale. Elementi nzito kuliko chuma hutengenezwa kwa kuongezewa nyutroni, na kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni ya polepole. Nyota ya wastani ikizeeka na kuvimba, viini vya atomi humo ndani hupokea nyutroni moja leo, nyingine baada ya miaka, kama mama anayeweka mia mbili kwenye chama kila wiki. Ya pili ni ya ghafla, kama kushinda jackpot usiku mmoja. Tarehe 17 Agosti 2017 vifaa vya LIGO na Virgo vilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zikigongana kwenye galaksi NGC 4993, umbali wa miaka ya nuru milioni 130. Darubini kote duniani zikageuzwa huko. Rangi ya mwanga na namna ulivyofifia vikaonyesha elementi nzito zinapikwa, na mwaka 2019 kundi moja likatambua alama za strontiamu kwenye mwanga huo. Makadirio ya dhahabu iliyotoka pale ni uzito wa dunia nzima mara kadhaa. Hebu waambie wachimbaji wa Kakamega.

Hata hivyo migongano pekee huenda haitoshi. Aprili 2025 ulitoka utafiti uliorudia data za Desemba 2004, wakati nyota moja yenye usumaku mkali kupindukia ilipotoa mlipuko mkubwa, na ukasema milipuko ya namna hiyo inaweza kuchangia hadi asilimia 10 ya elementi hizi za ghafla kwenye galaksi yetu. Ubishi unaendelea.

Sasa weka Mrima kwenye mizani hiyo. Niobiamu ya kilima kile kwa sehemu kubwa ni mali ya nyota wazee wa polepole. Seriamu vilevile. Neodimiamu, ya sumaku, ni karibu nusu kwa nusu. Yuropiamu ni ya ghafla. Na kuna mgeni mwingine kwenye udongo huo ambaye mabroka hawamtaji: thoriamu. Hiyo hutengenezwa kwa njia ya ghafla tu. Inaoza polepole sana, nusu yake huhitaji miaka bilioni 14, yaani zaidi ya umri wa ulimwengu wenyewe. Iliyopikwa zamani kabla Jua halijazaliwa nyingi bado ipo, na bado inatoa mionzi. Vipimo vilivyochapishwa kuhusu Mrima vimeonyesha mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida.

Nyota hazikupanga madini kwa mafungu ya kuuza. Zilichanganya, na baadaye volkeno za kale zikayakusanya pamoja mahali pamoja kwa sababu kikemia yanafanana tabia. Mwenye kutaka neodimiamu lazima auchimbue na huo udongo wenye thoriamu, atenganishe, kisha mabaki yawekwe mahali. Wapi? Karibu na kisima cha nani? Mrima ni msitu wa kaya, mahali patakatifu pa Wadigo, na watu wanalima pembeni yake. Hayo ndiyo maswali yangefaa kujaa kwenye mikutano ya hadhara, badala ya ‘tutapata asilimia ngapi’ peke yake.

Lakini kujua nani alipika hakutoshi bila kujua mchuzi ulijazwaje. Kila kizazi cha nyota hurudisha ilichopika kwenye gesi ya galaksi, na kizazi kinachofuata huanza na sufuria iliyo na chumvi zaidi. Jua letu lilizaliwa miaka bilioni 4.6 iliyopita, baada ya vizazi vingi, na bado metali zake hazifiki asilimia 2 ya uzito. Vizazi vyote hivyo, asilimia mbili haijafika! Wewe na mimi, Kilimanjaro, matatu zote za Rongai, ni makombo ya hiyo asilimia.

Na si kila galaksi hubaki na chakula chake. Mwaka 2004 watafiti walipima galaksi kama 53,000 wakakuta mpangilio uliowazi: kubwa ni tajiri wa metali, ndogo ni maskini. Mifano miwili iko jirani. Wingu Kubwa la Magellan lina karibu nusu ya metali ukilinganisha na Jua, na lile Dogo lina kama moja kwa tano. Sababu moja kubwa ni mvutano. Nyota zikilipuka husukuma gesi iliyopikwa kwa kasi kubwa. Galaksi kubwa huikamata ikarudi chini kama maji ya chemchemi. Galaksi ndogo haina ubavu, inapika, halafu upepo unabeba. Usinifanye niseme siasa hapa.

Inabebwa kwenda wapi? Swali hilo ndilo lilijibiwa kwa mara ya kwanza kwa msaada wa mahali unapopajua.

Ukitoka Malindi kwenda kaskazini unafika Ngomeni, jirani na mashamba ya chumvi ya Gongoni. Baharini mbele yake Waitaliano walisimamisha jukwaa la kurushia roketi, San Marco, na kati ya 1967 na 1988 setilaiti zikawa zinaruka kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, iliruka setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kutazama anga kwa eksirei. Wakaiita Uhuru, jina letu, kwa heshima ya siku hiyo. Uhuru ikaonyesha kwamba kwenye kundi la galaksi la Perseus, umbali wa miaka ya nuru kama milioni 240, eksirei hazitoki nukta moja. Zimeenea kote katikati ya galaksi.

Kisha 15 Oktoba 1974, jukwaa lile lile, ikaruka Ariel 5 ya Waingereza. Mwaka 1976 kundi la University College London lilichambua eksirei za Perseus kwa chombo kilichokuwa ndani ya Ariel 5, likakuta mstari wa chuma. Chuma! Nje ya galaksi, kwenye gesi yenye joto la mamilioni ya digrii, mahali ambapo hakuna nyota za kutosha kukipika. Kabla ya hapo ungeweza kudai gesi ile ni masalio ya mwanzo wa ulimwengu ambayo hayajawahi kuguswa. Baada ya mstari ule, dai hilo likafa. Gesi hiyo ilikuwa imepitia ndani ya nyota, ikalipuliwa, ikatoroka galaksi zake. Leo inajulikana kwamba kwenye makundi makubwa ya galaksi, chuma kilicho nje, kwenye gesi, si chini ya kilichobaki ndani ya nyota. Mwaka 2016 setilaiti ya Japani, Hitomi, iliitazama Perseus tena kabla haijaharibika ikiwa na wiki chache tu angani, na ikakuta kromiamu, manganisi, chuma na nikeli kwa uwiano unaokaribiana na wa Jua letu. Mapishi ya huko na ya hapa yanafanana.

Kwa hivyo mtu akikuuliza binadamu walijua lini kwamba galaksi huvuja chuma, jibu linapita Kilifi.

Na hapa ndipo ninapata hasira kidogo. Roketi ilikuwa ya Marekani, jukwaa la Italia, setilaiti ya Uingereza. Sisi tulitoa bahari na ikweta, na si kitu kidogo: karibu na ikweta dunia inazunguka kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, roketi inapewa msukumo wa bure, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya mionzi inayosumbua vipimo. Kuchambua kulifanyika kwingine. Riccardo Giacconi, aliyekuwa nyuma ya Uhuru, alipata Nobel 2002. Mimi nilimaliza shule ya upili bila kusikia neno Ngomeni hata mara moja darasani. Na Kenya ilipopata Taifa-1, setilaiti yake ya kwanza ya kuangalia ardhi, tarehe 15 Aprili 2023, ilirushwa kutoka California.

Sasa linganisha na Mrima. Mwaka 2013 serikali ilifuta leseni ya Cortec Mining Kenya, kampuni iliyokuwa imetangaza kilima kina madini ya dola bilioni 62.4. Kesi ikaenda kwa wasuluhishi wa ICSID kule Washington, na Oktoba 2018 Kenya ikashinda kwa sababu leseni haikufuata sheria, ikiwemo ya mazingira. Ushindi mtamu. Lakini ile bilioni 62.4 hadi leo inazunguka TikTok kama vile ni salio la M-Pesa ya Kwale. Nani aliihesabu? Mwenye kutaka kuchimba. Mgodi wa titani wa hapo hapo Kwale ulisimamisha uchimbaji Desemba 2024, na bado wakazi wanajadili kilichobaki.

Haki itendeke, serikali ilirusha ndege za kupima madini nchi nzima miaka ya hivi karibuni. Kupima kutoka juu ni mwanzo tu. Kujua kwamba tani moja ya udongo ina neodimiamu kiasi gani na thoriamu kiasi gani kunataka maabara, wanakemia, na ripoti ambayo mkazi wa Mrima anaweza kuisoma kabla mkataba haujatiwa saini. Ripoti ya aina hiyo ikitokea, isome ukurasa wa thoriamu kwanza. Ikiwa haina ukurasa huo, uliza mbona.

Kuhusu ile nyingine, ya mbinguni, hakuna aliyekufungia mlango. Katalogi ya nne ya setilaiti ya Uhuru ina vitu 339 na iko mtandaoni bure. Inafunguka hata kwa simu ya mkopo. Shuka hadi mstari ulioandikwa 4U 0316+41. Hiyo ndiyo Perseus, kule chuma kilikovuja. Nne ni ya toleo la nne. U ni ya Uhuru.